Matusi ya Chumba cha Mashuka

Wifi yangu alisimamishwa kazi kwa kosa la kumtukana mtu ambaye hakuna aliyemuuliza kama ametukanwa. Alikuwa ameifanya kazi ile tangu ujana wake, katika chumba cha mashuka cha hospitali kubwa ya mji, na siku alipoambiwa aende nyumbani hakuachwa hata amalize kukunja shuka alilokuwa amelishika ncha mbili. Mwenzake aliyeshika ncha mbili nyingine alibaki amesimama, kitambaa kikining'inia mbele yake mpaka sakafuni. Naanza na jambo hili kwa makusudi. Watu wakisimuliwa habari za dhuluma hutaka kwanza waelezwe aliyedhulumiwa ni nani, ili wapime kama anastahili waone hasira kwa ajili yake. Mimi nataka wakasirike kwanza, kisha tujuane.

Kazini wanamwita Bi Shuka. Ameolewa na kaka yangu, kwa hiyo mimi humwita wifi naye huniita wifi, na neno hilo limetutosha kwa mapenzi na kwa ugomvi. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, anayetembea taratibu kana kwamba sakafu imelala naye hataki kuiamsha. Kaka yangu, ambaye ni seremala na hana subira, husema mkewe akitumwa kuita zimamoto, nyumba itaungua, itapoa, na itajengwa upya kabla hajafika. Mkewe hujibu kwamba kama fundi wa hiyo nyumba mpya ni yeye, basi afadhali iungue tena.

Chumba cha mashuka kiko nyuma ya hospitali, kati ya jiko na ukuta wa mwisho. Upande mmoja mashine za kufulia hunguruma bila kupumzika. Upande wa pili kuna meza ndefu za pasi, na karibu na dirisha vyerehani vya kutia viraka na kupinda kingo. Vioo vya dirisha ni vya ukungu. Jua la mchana likipenya humo hupoteza makali yake, likachanganyika na mvuke, na chumba kizima kikawa kama kimewekwa ndani ya yai. Watu huonekana nusunusu: mkono usio na bega, kicheko kisicho na uso. Wawili hushika shuka, mmoja huku na mwingine kule, wakalinyoosha, wakatembea kukutana katikati, vidole vikagusana, wakaachana tena. Hawasemezani. Niliwahi kukaa pale kwenye benchi nikimngoja wifi yangu, nikawatazama wakikutana na kuachana, mpaka nikasahau nilichokuwa nakingoja.

Kwa miaka mingi chumba hicho hakikuwa na msimamizi. Wa zamani alistaafu, wakubwa wakasahau kuleta mwingine, na mashuka yakaendelea kutoka yakiwa safi. Aliyechoshwa na pasi alihamia kwenye sindano, na aliyechoshwa na sindano alihamia kwenye kamba za kuanikia. Bi Shuka hakumwambia mtu afanye jambo. Alisema tu, kama anayeongea na dirisha, "Naona wodi ya wazazi imelemewa," kisha akaliendea rundo la wodi ya wazazi. Aliyetaka kumfuata alimfuata. Siku nyingine hakufuatwa na mtu, akafanya peke yake, na hakununa.

Hakuibuni tabia hiyo. Watu wa mama yake ni watu wa milimani ambao hawakuwahi kuwa na mfalme, wala hawakuwahi kumtamani. Kwao mtu mzima haamrishwi, na mtoto akitumwa huombwa. Mtu akijenga nyumba nzuri au akivuna kuliko wenzake, majirani hufika kuikagua neema yake na kuidharau mbele yake kwa maneno ya kuchekesha, naye mwenyewe husaidia kuidharau. Wanasema sifa ni kama chachu: ukimwachia mtu mmoja yote, atafura mpaka mlango umkatae. Asiyetaniwa ndiye anayepaswa kuhofu, maana yake watu wameanza kumwogopa.

Bibi yake alimsimulia habari ya maofisa wa ng'ambo waliopanda mlima huo mara ya kwanza na kuuliza, "Mkubwa wenu ni nani?" Watu wakatazamana. Swali walilielewa vizuri. Jibu ndilo hawakuwa nalo. Wakaenda kando kushauriana. Wageni walionekana wanahitaji mtu wa kukaa nao kutwa na kuzungumza, kwa hiyo wakamtoa yule ambaye kukosekana kwake shambani kusingempunguzia mtu chochote: mvivu mmoja, bingwa wa usingizi. Wageni wakafurahi, wakamvika kofia, wakamwita mtawala. Kizazi chake ndicho kinachoitwa ukoo wa watawala hadi leo. "Na hawajaamka," bibi alikuwa akimalizia.

Shahada yangu ni ya nadharia za siasa, kwa hiyo naweza kueleza kwa uhakika jinsi watu kama hao walivyosimuliwa katika madarasa niliyoyapitia. Mwanafikra mmoja wa Magharibi alifundisha kwamba watu wasio na mtawala huishi kwa kuwindana, na kwa hofu hiyo wakaamua kumkabidhi mmoja wao fimbo. Mwingine akajibu kwamba binadamu alizaliwa sawa na mwenzake na baadaye akaupoteza usawa huo. Waligombana sana, lakini jambo moja walikubaliana: watu kama hao wa milimani walikuwa utoto wa binadamu, picha ya mwanzo wetu, na kamwe hawakuwa majirani wenye akili wanaoweza kuulizwa wanafikiri nini. Wapo wanazuoni wanaodai kwamba mawazo ya usawa yalichochewa huko Ulaya na habari za wasafiri, walioleta mshangao wa watu wa mbali waliowaona wageni wakiinamiana na kujiuliza kwa nini. Kama ni kweli, basi wazo hilo lilisafiri, likavishwa joho la chuo, likarudishwa kwetu kama zawadi, nasi tukatakiwa tuseme asante.

Msimamizi mpya wa chumba cha mashuka, alipoletwa hatimaye, alikuja na zawadi ya namna hiyo. Alikuwa kijana mwenye adabu, shati lake limenyooka, na sidhani kama aliamka siku hata moja akikusudia ubaya. Ukutani ofisini kwake alibandika tangazo la rangi lenye maneno SISI SOTE NI SAWA. Chini ya tangazo hilo kulikuwa na kiti chake kipana cha kuzunguka, na mbele ya meza kiti cha mgeni kilichokuwa kifupi, hivi kwamba kila aliyekikalia alimtazama kijana yule kama mtoto anayetazama kabati. Wazo lake la kwanza lilikuwa Mfanyakazi Bora wa Mwezi. Picha ya mshindi ingetundikwa juu ya meza za pasi, ndani ya fremu.

Mshindi wa kwanza akawa Bwana Pasi, mzee wa makamo anayepiga pasi huku akipiga mluzi. Siku picha ilipotundikwa, chumba kizima kilikusanyika chini yake, wakainua vichwa kama watu wanaosoma dalili za mvua.

"Picha imetoka vizuri," Bi Shuka akasema hatimaye. "Imetoka vizuri kuliko mwenyewe."

"Wamepiga picha pasi," akasema mshonaji mmoja, "mtu akatokea kwa nyuma."

"Haya, bora wetu," Bi Shuka akaendelea, akainua shuka kutoka kwenye rundo la mshindi. "Hili ndilo lililokupa ushindi? Mgonjwa akilalia hili ataamka na makunyanzi mgongoni, waseme ameugua uzee."

"Nililipiga nimefumba macho," Bwana Pasi akajibu, "ili nisizione sura zenu."

"Wewe si mfanyakazi bora, shemeji. Wewe ulikuwa karibu na kamera."

Wakacheka, naye akacheka mpaka akafuta macho kwa kona ya shuka lile lile. Mluzi ukarudi, mvuke ukapanda, na picha ikaanza kufifia juu ya vichwa vyao kama mwezi wa mchana.

Lakini mlangoni alikuwa amesimama mwanamke aliyeajiriwa wiki ile ile, ambaye bado walimwita Mgeni. Alikuwa ametoka katika kiwanda cha nguo. Aliwasikia, akaona mtu amezungukwa na wenzake wakimwambia kazi yake haifai, na akaenda ofisini kueleza alichokiona. Msimamizi akamwita Bi Shuka, akamkalisha kwenye kile kiti kifupi na kumwambia kwamba hospitali haivumilii uonevu, kwa sababu pale watu wote ni sawa.

"Bwana Pasi amelalamika?" Bi Shuka akauliza.

"Haihitajiki alalamike, mama. Tunamlinda."

"Mmemuuliza?"

"Mtu aliyeonewa huwa anaogopa kusema," kijana akamjibu kwa upole, na nadhani alikuwa amefundishwa hivyo, na nadhani mara nyingi ni kweli. Bi Shuka akarudi kwenye shuka lake. Alikuwa amelishika ncha mbili tu alipofuatwa na kuambiwa akabidhi ufunguo wa kabati na aende nyumbani.

Alianza kukaa nyumbani. Kibaraza chake na changu vinapakana, tukawa tunakaa pamoja alasiri nikirudi kazini, mbele yetu nguo za majirani zikipunga kwenye kamba. Hakulia. Alikuwa anapotea. Ukizungumza naye ungeona vidole vyake vinatafuta kingo za gauni lake, vinazikutanisha, vinazikunja, vinazinyoosha tena, bila yeye kujua. Alisema akifumba macho mchana huyaona mashuka yanatembea yenyewe kwenye ujia wa wodi, yamesimama wima, yanamtafuta mtu wa ncha ya pili. Aliogopa jambo moja tu: kwamba kamati ya nidhamu ingemwachisha kazi kabisa, na kwamba angezeeka akiwa mtu anayekunja hewa.

Kaka yangu alijaribu kumchangamsha kwa njia anayoijua.

"Umepumzika mno," akamwambia. "Hata kunitukana umeacha. Jana nimetengeneza meza mbovu kabisa na hujasema kitu."

"Niliiona," wifi akasema. "Nilidhani ni mbuzi."

Alifurahi kaka yangu, lakini mkewe alikuwa ameshageuza shingo kuzitazama nguo za majirani.

Mimi hasira zilinijaa, na nilimmwagia yeye kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Nikamwambia kuhusu wanafikra wale waliotangaza kwamba binadamu wote ni sawa huku baadhi yao wakimiliki binadamu wenzao. Nikamwambia usawa wa kutundikwa ukutani hauna thamani mbele ya usawa wa mama zake, na kwamba siku ya kamati nitawaeleza hivyo, tena kwa sauti.

Alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Usiwakatie tamaa sana hao watu wako, wifi," akasema. "Kwetu mtu akipanda mlima akiwa peke yake, hana ndugu, hana anayemjua, hakuna wa kumtania. Anakaa kando. Nimeona mgeni akikaa kando mpaka akafa. Mtu kama huyo anahitaji karatasi ya sheria imtaje."

"Na wewe karatasi imekufukuza."

"Imenifukuza kwa sababu haijui kucheka. Sisi nasi hatujui kumlinda tusiyemjua." Vidole vyake vikakutana tena kwenye gauni. "Yule mwanamke, Mgeni. Tulimweka chumbani wiki nzima na hakuna aliyemtania hata neno moja. Ungekuwa wewe ungetuonaje?"

Upepo ulijaza shati la jirani ukalipa kifua, kisha ukaliacha.

Mtuhumiwa aliruhusiwa kufuatana na mtu mmoja, nikafuatana naye nikiwa na hotuba yangu kichwani. Kamati ilikaa katika chumba chenye feni iliyozunguka polepole kiasi cha kuhesabika mapanga yake. Mwenyekiti alikuwa muuguzi mkuu mstaafu, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Msimamizi akasimama na kuyasoma matusi, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kikao.

"Mtuhumiwa alitamka kwamba picha imetoka vizuri kuliko mwenyewe. Mtuhumiwa alidai kwamba mgonjwa atapata makunyanzi mgongoni, na kwamba, nanukuu, waseme ameugua uzee."

Mjumbe mmoja alikohoa. Mwingine akaonekana kuvutiwa sana na feni. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Anayedaiwa kutukanwa yuko wapi?" akauliza.

Ikabidi wamwite, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwita. Bwana Pasi akaja na joto la meza bado limo mashavuni, akasimama amekunja mikono mbele.

"Mzee," mwenyekiti akamwambia, "umesikia maneno yaliyosemwa juu yako. Una la kusema?"

"Mama Mwenyekiti, naomba nisahihishe kidogo. Hilo la kwamba nilikuwa karibu na kamera ni kweli."

"Hukuumia?"

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kujibu swali aliloulizwa. "Siku ile sikuumia. Nimeumia baadaye. Tangu Bi Shuka aondoke watu wanaogopa. Hakuna anayenitania. Nikipita wananyamaza, nikishika pasi wananipisha. Jana mtu tuliyezaliwa mwaka mmoja, tuliyecheza pamoja vumbini, amenipa shikamoo." Sauti yake ikashuka. "Mama Mwenyekiti, kama mnatafuta tusi, andikeni hilo."

Hotuba yangu ilinitoka kichwani yote, nami sikuisikitikia.

Ndipo Mgeni, aliyekuwa ameitwa kama shahidi, akaomba kusema. Alizungumza akiyatazama magoti yake. "Kule kiwandani nilikotoka, anayetukana ni aliye juu, na anayetukanwa haruhusiwi kujibu. Wapo walioondoka hapo hawawezi tena kushika sindano, mikono inatetemeka. Nilipowasikia hawa nikadhani ni yale yale. Sikujua kwamba hapa mtu hujibu."

Mimi niliyekuja kumchukia mwanamke yule nilijikuta sina pa kuishikia chuki hiyo.

"Hukukosea, mdogo wangu," Bi Shuka akasema. "Ukisikia hivyo tena, hata kesho, nenda kaseme. Kosa ni letu. Tulikuona unaifanya kazi vizuri, tukakuogopa, tukakunyamazia. Hata hilo gauni ulilovaa tumelinyamazia."

Mgeni akainua macho. "Gauni nimelishona mwenyewe."

"Ndiyo maana tumelinyamazia."

Niliona uso wa Mgeni ukitafuta njia. Ungeweza kwenda popote. Kisha, polepole, kwa sauti ya mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu, akasema, "Afadhali gauni. Wewe, urefu huo na joho jeupe la kazi, ukisimama mlangoni mwa wodi mgonjwa anadhani umekuja kumfunika uso."

Bwana Pasi ndiye aliyeanza. Akacheka kwa kifua chote, akashika ukuta, na Bi Shuka akainamisha kichwa mabega yakitikisika. Mwenyekiti, aliyekuwa amewafunika uso wengi kwa mikono yake, akajificha nyuma ya jalada. Msimamizi peke yake alisimama na karatasi zake, akatutazama kama mtu aliyeingia katika nyumba ya watu wakiwa katikati ya ndoto. Nilimwonea huruma kwa muda mfupi. Kisha mwenyekiti akamwuliza kwa nini mzee yule hakuulizwa mapema, naye akasema, kwa unyofu wake wote, kwamba fomu haikuwa na nafasi ya swali hilo.

Bi Shuka alirudi kazini. Hakuna aliyemwomba radhi, wala hakuna mstari wowote ulioandikwa wa kukiri kwamba alionewa. Waliandika kwamba shauri limefungwa, kana kwamba hakuna aliyelifungua. Msimamizi yupo bado, na idara nyingine zina washindi wao wa kila mwezi. Mimi hasira yangu sijaimaliza, na siioni sababu ya kuimaliza. Lakini mwenyekiti yule, kabla hajaiacha kamati, alipendekeza kifungu kimoja akakisimamia mpaka kikapita. Tangu tarehe 1 Julai 2019, kanuni za nidhamu za hospitali hiyo zinasema kwamba hakuna mfanyakazi atakayesimamishwa kazi kwa kosa la kumtukana mwenzake kabla ya mwenzake huyo kuulizwa.